Kisa cha Benki ya Tishu ya Chernobyl: daftari la pamoja la saratani ya thairoidi linavyojengwa, na linapovuja

Mtambo namba 4 wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, ulilipuka saa 7 na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Katika vyote vilivyorushwa hewani, kilichowaumiza watoto zaidi ni iodini-131. Ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa maziwa. Tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni chini ya kongomeo, haitofautishi iodini yenye mionzi na ile ya chumvi ya mezani, inazoa yote. Tezi ya mtu mzima ina gramu 20 hivi, ya mtoto mdogo ina gramu chache tu, kwa hiyo kiasi kilekile kikiingia humo kinatoa dozi kubwa zaidi. Isitoshe, sehemu kubwa ya eneo lile ilikuwa na upungufu wa iodini katika chakula, na tezi zenye njaa hula zaidi.

Septemba 1992 madaktari wa Minsk waliripoti katika jarida la Nature kwamba saratani ya thairoidi kwa watoto wa Belarus imepanda ghafla. Wataalamu wengi wa nje walisita. Ilikuwa imepita miaka michache tu tangu ajali, mapema kuliko walivyotarajia, na wengine walidhani ongezeko limetokana na watoto kupimwa sana. Ubishi huo ulimalizwa na hesabu ya wagonjwa. Swali la pili halikumalizika kwa hesabu: je, uvimbe ulioletwa na mionzi una alama yake ndani ya jeni, ambayo ule uliojitokea wenyewe hauna? Hapo huhitaji takwimu peke yake. Unahitaji tishu, na unahitaji kujua kila kipande cha tishu ni cha nani, alikuwa wapi mwaka 1986, na alikuwa na umri gani.

Kilichotokea miaka ya 1990 ndicho kinachofanya kisa hiki kifae kuchambuliwa. Makundi ya Ulaya, Marekani na Japani yalichunguza uvimbe wa watoto hawa, kila kundi na sampuli zake chache na njia zake. Muungano wa jeni uitwao RET/PTC3 ulionekana mara nyingi sana katika wagonjwa wa mwanzo, na ukaanza kusemwa kuwa ndio saini ya mionzi. Kisha wakaja wagonjwa wa miaka ya baadaye, na picha ikabadilika. Watoto wasiopata mionzi walipochunguzwa, wakiwamo wa Uingereza, ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa saini ilikuwa inafuata umri wa mgonjwa na muda uliopita tangu ajali. Makundi yalikuwa yanalinganisha watoto wa Belarus na watu wazima wa kwao. Na kila kundi lilipomaliza sampuli zake, hakuna aliyeweza kurudia kipimo kwenye uvimbe uleule.

Uvimbe wa namna hii hauwezi kuongezwa. Watoto waliokunywa maziwa yale Mei 1986 ni wale wale. Ndiyo maana mwaka 1998 ilianzishwa Benki ya Tishu ya Chernobyl, kwa fedha za Tume ya Ulaya, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na Sasakawa Memorial Health Foundation ya Japani, huku Shirika la Afya Duniani likishiriki katika kuianzisha. Ukusanyaji rasmi ulianza Oktoba mwaka huo. Belarus, Ukraine na Urusi zilihusishwa mwanzoni. Mkusanyiko uliodumu ni wa Ukraine na Urusi, katika taasisi ya endokrinolojia ya Kyiv na kituo cha radiolojia cha Obninsk. Uratibu uliongozwa kwa muda mrefu na Geraldine Thomas, na kwa miaka mingi ofisi yake ilikuwa Imperial College London. Tishu zenyewe zilibaki katika nchi zilikotoka.

Nani anaingia

Masharti ya kuingia yaliandikwa kwa tarehe na kwa mahali, si kwa maelezo ya jumla kama "aliyeathirika". Mgonjwa awe amezaliwa baada ya 26 Aprili 1967, yaani hakuwa ametimiza miaka 19 siku ya ajali, na awe mkazi wa majimbo yaliyochafuliwa: kwa Urusi ni Bryansk, Kaluga, Oryol na Tula, kwa Ukraine ni yale ya kaskazini, kama Kyiv, Chernihiv, Zhytomyr na Rivne.

Mpaka wa upande wa pili ndio wenye akili zaidi. Waliozaliwa kuanzia 1 Januari 1987 wanahesabiwa kuwa hawakupata iodini ya ajali, nao ndio kundi la kulinganisha: wa maeneo yaleyale, chakula kilekile, hospitali zilezile. Hesabu yake ni hii. Iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8 hivi. Kutoka 26 Aprili hadi 1 Januari ni siku 250, sawa na kupungua nusu mara 31. Na mtoto aliyezaliwa siku hiyo, kama mimba yake ilitimia, alitungwa karibu na 10 Aprili 1986. Tezi ya kijusi huanza kuvuta iodini karibu na wiki ya 10 hadi ya 12, yaani mwishoni mwa Juni, na kufikia hapo iliyobaki ni chini ya asilimia 1. Waliozaliwa kati ya ajali na mwisho wa Desemba 1986 ni kundi la tatu, waliokuwa tumboni. Wape alama yao wenyewe kwenye daftari. Ukiwatupa upande wowote wanachafua kundi lile.

Sasa angalia mtego ambao wengi wanaosoma itifaki hii hawauoni. Oktoba 1998, mgonjwa mdogo kuliko wote katika kundi la waliopata mionzi alikuwa ameshapita miaka 12. Mkubwa kuliko wote katika kundi la kulinganisha alikuwa na miaka 11. Hapakuwa na umri hata mmoja uliokutana. Wala haukukutana mwaka uliofuata, wala ule uliofuata, kwa sababu wote wanazeeka pamoja: mwaka wowote utakaochagua, aliyepata mionzi ni mkubwa kuliko asiyepata. Njia pekee ya kupata vijana wa miaka 16 wa pande zote mbili ni kumchukua mmoja aliyepasuliwa mwaka 2000 na mwenzake aliyepasuliwa mwaka 2006.

Maana yake kwa kazi ya kila siku ni nzito. Ukibadilisha aina ya fomalini mwaka 2003, ukabadili kifaa cha kutoa DNA, au mashine ya ultrasound ikaanza kukamata uvimbe wa milimita 6 ambao zamani haukuonekana, badiliko hilo litajitokeza kwenye uchambuzi kama tofauti ya mionzi. Kwa hiyo kila rekodi ibebe, kando ya habari za mgonjwa, habari za kazi yenyewe: toleo la itifaki, namba ya shehena ya kemikali, muda tishu ilipokaa kabla ya kugandishwa, na jinsi uvimbe ulivyogunduliwa (mgonjwa aliuhisi, daktari aliupapasa, au ulionekana kwenye ultrasound ya uchunguzi). Habari hizi nne huonekana za kiofisi tu. Ukizikosa, miaka kumi baadaye hakuna takwimu itakayokuokoa.

Jina, kijiji, na mwaka 1986

Wagonjwa wengi wa saratani ya thairoidi ni wanawake, karibu 3 kwa kila mwanamume 1. Msichana aliyekuwa na miaka 9 wakati wa ajali anapasuliwa akiwa na miaka 25, ameolewa, ana jina jingine la ukoo. Kipimo cha tezi yake cha Mei au Juni 1986, kama kipo, kimeandikwa kwa jina la baba yake, tena kwa Kirusi. Hati ya hospitali ya leo iko kwa Kiukraine. Olena na Yelena ni mtu mmoja, Oleksandr na Aleksandr pia. (Sisi tuna Mohamedi, Mohammed na Muhammad katika foleni moja, kwa hiyo tusicheke.) Fomu inayouliza jina la sasa tu itapoteza viungo hivyo.

Kinachohitajika: jina la sasa, jina la kuzaliwa, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na makazi ya 26 Aprili 1986 hadi ngazi ya kijiji. Anwani ya leo isisimame mahali pa hiyo ya mwisho. Watu wa Pripyat walihamishwa tarehe 27 Aprili, na wengi wakaishia Kyiv. Daftari linaloandika anwani ya sasa litawaonyesha kama watu wa mjini wenye dozi ndogo, ilhali walitoka kando ya mtambo. Uliza pia alihamishwa lini, maziwa yalitoka dukani au kwa ng'ombe wa nyumbani, na kama alipewa vidonge vya iodini. Majibu haya ya kukumbuka yana makosa mengi, lakini ni bora yakiandikwa na kupewa alama ya "kumbukumbu" kuliko kuachwa.

Majina yakae kwenye jedwali moja lililofungwa, nchini kwa mgonjwa. Watafiti wapate namba tu, na namba hiyo isijengwe kwa tarehe ya kuzaliwa wala herufi za jina. Watoto waliotiliwa sahihi na wazazi waombwe ridhaa yao wenyewe wakifika utu uzima. Kazi hiyo ipangiwe mtu na kalenda, maana bila hivyo haifanyiki.

Kutoka meza ya upasuaji hadi friza

Kanuni ya kwanza ni kwamba utambuzi wa ugonjwa hutangulia utafiti. Mpatholojia, daktari anayetambua ugonjwa kwa kuchunguza tishu, ndiye anayekata, si mtafiti aliyesimama mlangoni na chupa ya nitrojeni. Uvimbe ulio chini ya milimita 10 uende wote kwenye parafini, nta inayohifadhi tishu kwa ajili ya hadubini. Uvimbe wenye ganda usikatwe ovyo ili kupata kipande cha kugandisha, kwa sababu saratani ya folikuli, aina mojawapo ya saratani ya thairoidi, hutambuliwa kwa seli kupenya ganda hilo au mishipa ya damu; ukiondoa mahali palipopenya, umefuta utambuzi wa mgonjwa ili kujaza friza.

Pale panaporuhusu, chukua kipande cha uvimbe, kipande cha tezi isiyo na ugonjwa kutoka upande wa pili, na kimoja cha tezi limfu iliyovamiwa kama ipo, kila kimoja cha milimita 3 hadi 5. Lenga dakika 30 tangu damu ilipokatwa kwenye tezi hadi kugandishwa, kisha andika dakika halisi, hata zikiwa 95. Damu ichukuliwe pia, seli nyeupe kwa DNA ya kuzaliwa nayo na seramu kando. Bila damu hutajua kama badiliko uliloliona ni la uvimbe au ni la ukoo.

Kabla ya kutoa DNA au RNA, kata ukanda mwembamba kutoka kipande kilichogandishwa, upake rangi, utazame kwa hadubini. Hatua hii ni rahisi kurukwa, na adhabu yake ni kubwa: lebo inasema "uvimbe", ndani mna kovu, limfosaiti (seli nyeupe za kinga) na tezi ya kawaida, na maabara inaripoti kwamba hakuna badiliko la jeni.

Kuna sampuli moja ambayo ni rahisi daftari jipya kuiingiza kimakosa. Baada ya upasuaji wagonjwa wengi hutibiwa kwa iodini-131 hiyohiyo, kwa kiasi kama gigabekereli 3.7 (kipimo cha nguvu ya mionzi). Saratani ikirudi na tishu yake ikachukuliwa, tishu hiyo imeshapigwa mionzi ya tiba. Ihifadhiwe, lakini iwe na alama inayoizuia kuingia katika uchambuzi wa mionzi ya ajali. Na hapo penye kiasi, vituo vingine huandika milikiri, vingine gigabekereli: milikiri 100 ni gigabekereli 3.7. Weka sehemu ya namba na sehemu ya kipimo. Nafasi moja ya maandishi huru itakuletea "100" ambayo hujui ni ya nini.

Jopo la hadubini

Mpatholojia mmoja akiuita uvimbe saratani ya papila (aina ya kawaida zaidi ya saratani ya thairoidi) yenye umbo la folikuli, mwingine anauita adenoma, yaani uvimbe usio saratani. Hili hutokea hata kwa waliobobea, na katika uvimbe wenye umbo la folikuli hutokea mara nyingi. Benki ililitatua kwa kuunda jopo la kimataifa la wapatholojia wa nchi husika na wa nje, ambao walitazama slaidi hizohizo na kufikia jina moja la makubaliano. Hakuna kesi inayotolewa kwa mtafiti kwa jina la hospitali peke yake.

Jopo halikuficha pale liliposhindwa kukubaliana. Mwaka 2000 lilipendekeza majina ya kundi la katikati, uvimbe ambao uwezekano wake wa kuwa saratani hauna hakika, na majina hayo baadaye yaliingia katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani. Daftari lenye sehemu mbili tu, saratani na si saratani, huwalazimisha wataalamu kudanganya.

Majina yenyewe huhama. Mwaka 2016 aina moja ya uvimbe wa papila wenye ganda usiovamia iliondolewa kwenye orodha ya saratani. Mfumo wa hatua za ugonjwa ulibadilika kuanzia Januari 2018: mpaka wa umri ulipanda kutoka miaka 45 hadi 55. Mgonjwa wa miaka 50 ambaye saratani imefika mapafuni alikuwa hatua ya 4 kwa toleo la saba. Kwa toleo la nane ni hatua ya 2. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Wagonjwa wakubwa wa Chernobyl, waliozaliwa 1967, walifika miaka 45 mwaka 2012 na 55 mwaka 2022, kwa hiyo mabadiliko haya yanawapitia katikati. Dawa yake ni kuandika malighafi: ukubwa kwa milimita, tezi limfu ngapi zilichunguzwa na ngapi zimevamiwa, umepenya wapi, umeenda wapi. Hatua ikokotolewe na programu, kwa toleo lolote linalotakiwa. Hali ni ileile kwa thairoglobulini, protini ya tezi inayopimwa katika damu kuona kama saratani imerudi: thamani bila kingamwili zake, bila TSH (homoni inayoichochea tezi) ya siku hiyo na bila jina la kipimo kilichotumika ni namba tupu.

Sampuli moja, maabara nyingi

Hapa ndipo benki hii ilipotofautiana na friza la kawaida la hospitali. Mwombaji hapewi kipande cha tishu. Tishu hutolewa DNA na RNA mara moja, kisha hugawanywa katika sehemu ndogondogo. Hivyo maabara ya Ulaya inayotafuta muungano wa jeni na maabara ya Marekani inayosoma jenomu nzima zinafanya kazi juu ya uvimbe mmoja, wakati mwingine dondoo moja, yaani DNA au RNA iliyotolewa mara moja. Bloku ya parafini nayo haisafiri, hukatwa kanda. Kwa hesabu, bloku yenye unene wa milimita 3 ikikatwa kwa mikromita 5 inatoa kanda 600. Kwa vitendo huwezi kuzifikia, kwa kuwa kila mara bloku inaporudishwa kwenye mashine hupotea kanda kadhaa za kusawazisha. Maombi matano yakikusanywa na kukatwa siku moja, bloku inadumu.

Maombi hupitia jopo la nje la wakaguzi, na anayepewa hulazimika kurudisha matokeo ya kila sampuli, si wastani uliochapishwa. Sharti hili ndilo linalogeuza friza kuwa daftari la pamoja, na ndilo gumu kulitekeleza. Mtafiti akishachapisha hana haraka ya kutuma jedwali. Kanuni inayofanya kazi ni rahisi: hakuna sampuli za ombi la pili kabla data za ombi la kwanza hazijaingia, kwa muundo uliokubaliwa kabla, na zikiwamo sampuli zilizofeli. Aliyefeli naye ni habari; sampuli ileile ikifeli katika maabara tatu, tatizo liko frizani.

Kile ambacho daftari hili haliwezi

Halihesabu kasi ya ugonjwa. Linakusanya waliopasuliwa katika vituo fulani na kukubali tishu zao zitumike. Rejista ya saratani ya eneo zima, kama ile ya Kampala iliyoanza mwaka 1954, hufuata kila mgonjwa wa eneo lake, kwa hiyo ina idadi ya watu chini ya mstari wa mgawanyo. Benki ya tishu haina. Hesabu ya Chernobyl ilitoka kwenye rejista za nchi: kamati ya Umoja wa Mataifa ya athari za mionzi iliorodhesha kesi 19,233 kati ya 1991 na 2015 kwa waliokuwa chini ya miaka 18 wakati wa ajali, katika Belarus, Ukraine na majimbo manne ya Urusi. Kamati hiyohiyo ilikadiria kuwa takriban robo tu ndizo zinazotokana na mionzi. Kwa hiyo neno "alipata mionzi" kwenye daftari lisisomwe kama "uvimbe wake umeletwa na mionzi". Wengi wao wangeugua hata hivyo, au wasingegunduliwa kama wasingechunguzwa.

Ndiyo maana dozi ya mtu mmojammoja ni muhimu kuliko alama ya ndiyo na hapana. Nchini Ukraine kuna kundi la watu kama 13,000 waliopimwa tezi zao moja kwa moja ndani ya wiki chache baada ya ajali, na wakafuatiliwa kwa ushirikiano na Marekani tangu 1998. Uchambuzi uliochapishwa katika Science mwaka 2021 ulitumia saratani za papila 440 kutoka benki hii, 359 za waliopata mionzi na 81 za waliozaliwa baadaye, wastani wa dozi ukiwa miligrei 250 (kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na tezi). Kadiri dozi ilivyopanda ndivyo ilivyoonekana DNA iliyokatika na kuungwa vibaya: vipande vidogo vilivyofutika, na jeni mbili zilizounganishwa kuwa ndizo kiendeshi cha saratani badala ya herufi moja iliyobadilika. Uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa waliokuwa wadogo. Alama ya pekee, ambayo ukiiona kwenye uvimbe mmoja unaweza kusema "huu ni wa mionzi", haikupatikana. Lile dai la RET/PTC3 lilipata jibu lake miaka zaidi ya ishirini baadaye: muungano wa jeni huongezeka kweli kwa dozi, lakini si saini.

Tangu Februari 2022 nchi mbili zinazoshika tishu hizi ziko vitani. Anayeandika mkataba wa daftari la pamoja leo aweke humo mambo ambayo mwaka 1998 yangeonekana ya ajabu: nakala ya data iliyofichwa kwa msimbo katika nchi ya tatu, nusu ya kila dondoo katika jengo jingine, jenereta yenye mafuta ya saa 72, nitrojeni kimiminika isiyotegemea umeme, na kifungu kinachosema mshirika akijitoa, sampuli zilizokwisha kutolewa zinaendelea kutumika kwa masharti gani na nani anashika ufunguo wa majina.